Askari na Mkazi Wanalidai Jiji Moja

Mheshimiwa mwenyekiti, waalikwa wote, mabibi na mabwana,

Nianze na bahasha ya mshahara. Mwezi Julai mwaka 2012, askari polisi wa Scranton, mji wenye wakazi wapatao 76,000 katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, walipokea malipo yao wakakuta wamehesabiwa dola 7.25 kwa saa. Hicho kilikuwa kima cha chini kabisa cha mshahara kinachoruhusiwa na sheria. Askari aliyefanya kazi saa 80 katika majuma mawili alipata dola 580 kabla ya makato, awe na mwaka mmoja kazini au awe na ishirini, awe alikesha ofisini akipokea simu au alikesha barabarani akitenganisha watu wenye visu. Wazima moto walipata hivyo hivyo, pamoja na wafanyakazi wengine wa mji, jumla yao wapatao 400. Meya, Chris Doherty, alijikata mshahara na yeye mwenyewe. Mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuzuia makato hayo, lakini meya aliyatekeleza akieleza kwamba hazina haina kitu. Siku moja ya mwezi huo, baada ya bili kulipwa, akaunti ya mji ilibaki na dola 5,000 hivi.

Habari kama hii inapotangazwa, popote pale duniani, watu hugawanyika kabla hata hawajaimaliza. Wapo wanaosema ni fedheha kumlipa mshahara wa kibarua mtu tunayemtuma kukabili risasi kwa niaba yetu. Wapo wanaosema kwamba viwanda vimefungwa, wao wenyewe wamepunguzwa kazi bila hata barua ya shukrani, kwa hiyo hawaoni ni kwa nini mwenye sare abaki salama wakati kila mtu ameumia. Wapo wasioumia hata kidogo, kwa sababu mara ya mwisho walipokutana na polisi walisukumwa, walitukanwa au walidaiwa chochote, na makato haya wanayaona kama malipizi yaliyochelewa. Na wapo walio kimya, ambao kimoyomoyo wanauliza swali moja tu: usiku nikipiga simu, atakuja nani?

Nimezisikia kauli hizi mara nyingi, na sithubutu kuibeza hata moja, kwa kuwa kila moja imetoka kwenye jambo lililompata mtu kweli. Lakini naomba mwone kwamba zote nne zinamtazama askari. Hakuna hata moja inayolitazama daftari la hesabu la jiji. Na mimi nimesimama hapa kwa ajili ya daftari hilo, kwa sababu naamini kwamba askari aliyekatwa mshahara na mkazi anayebishana juu ya makato hayo ni watu wa upande mmoja. Wote wawili ni wadai. Jiji liliwaahidi wote wawili, likashindwa kutimiza, kisha likawaacha wagombane wao kwa wao.

Tulifungue basi daftari la Scranton. Mji ule ulikuwa umewekwa chini ya uangalizi wa jimbo tangu mwaka 1992 kwa sababu ya hali mbaya ya fedha. Kwa miaka mingi uongozi ulijaribu kuwabana polisi na wazima moto kwa kutumia mipango ya uangalizi huo, nao walipinga mpaka Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua, mwaka 2011, kwamba tuzo, yaani maamuzi ya malipo, walizopewa na wasuluhishi ni halali na lazima zilipwe. Hapo kuna deni la kwanza, na deni hilo lilikuwa linajulikana. Deni la pili ndilo lililovunja mgongo. Mamlaka ya maegesho ya magari ilikuwa imekopa kwa dhamana ya mji. Mwaka 2012 mamlaka ikashindwa kulipa, mji ukatakiwa ulipe kama mdhamini, na baraza la madiwani likakataa. Mabenki yalipoona mji unaikana saini yake mwenyewe, yakafunga milango, na mikopo ya muda mfupi ambayo miji mingi huitegemea kulipia mishahara huku ikisubiri kodi iingie ikakosekana. Meya alitaka kodi ya majengo ipandishwe kwa asilimia 78 katika miaka mitatu. Madiwani hawakutaka hata kuisikia. Walipokuwa wakivutana, siku ya mshahara ikafika.

Askari wa doria hakujenga maegesho ya magari. Hakukopa, hakudhamini, wala hakupiga kura ya kuukana mkopo. Hata hivyo mshahara wake ndio uliokatwa, na mjadala wa nchi nzima ukawa kama anastahili au hastahili. Sisemi kwamba askari hawezi kamwe kupunguziwa mshahara. Jiji likiwa limeishiwa kweli, hesabu haina huruma na mtu yeyote. Nasema kwamba mkazi aliyejadili askari bila kuuliza habari za maegesho alikuwa amepewa nusu ya habari, na nusu aliyonyimwa ndiyo iliyokuwa na majina ya walioamua.

Mtu atauliza kwa nini kila jiji likikwama kisu kinaelekea kwa polisi mapema kiasi hicho. Sababu ni ya kihesabu zaidi kuliko ya kisiasa. Jiji haliwezi kuchapa fedha kama serikali kuu. Katika nchi nyingi sheria inalilazimisha lisawazishe mapato na matumizi kila mwaka. Wenye hati fungani, yaani waliolikopesha jiji, wana mikataba inayowatanguliza. Fedha za miradi ya ujenzi zimefungwa kwa ajili ya ujenzi, na ruzuku nyingi zimefungwa kwa kazi zilizoombewa. Ukishayatoa hayo yote, kinachobaki mezani ni mfuko wa matumizi ya kawaida, na katika mfuko huo kitu kikubwa ni mishahara, na katika mishahara, kwenye miji mingi ya Marekani, fungu kubwa kuliko yote ni la polisi na wazima moto. Kwa hiyo meya anayetafuta fedha ya haraka anaweka mkono mahali pekee ambapo fedha ya haraka ipo.

Kuna jambo jingine ambalo mkazi wa kawaida haambiwi. Polisi katika majimbo na nchi nyingi wamekatazwa kugoma, na kwa maoni yangu katazo hilo ni la haki, maana jiji lisilo na ulinzi hata kwa siku moja linaweza kuteketea. Montreal ililijua hilo tarehe 7 Oktoba 1969, polisi walipoacha kazi wakidai walipwe kama wenzao wa Toronto: kwa muda wa saa kumi na sita hivi mabenki yaliporwa, maduka yakavunjwa, na watu wawili wakafa. Lakini askari aliponyang'anywa haki ya kugoma alipewa kitu badala yake, nacho ni mkataba unaoheshimiwa na msuluhishi ambaye uamuzi wake unazifunga pande zote mbili. Huo ndio mbadilishano wenyewe. Jiji linapokata mshahara kwa tamko la usiku mmoja, bila mazungumzo na bila msuluhishi, linakuwa limechukua vyote viwili: limebaki na katazo la mgomo, na limekichukua kile kilicholipia katazo hilo. Tusishangae basi asubuhi inayofuata askari wengi wakipiga simu kusema wanaumwa. Sisifu ugonjwa wa namna hiyo, lakini najua unatoka wapi.

Sasa niseme na vyama vya askari, na nitasema bila kuzunguka. Nchini Marekani ziko karatasi mbili ambazo ningependa kila kiongozi wa chama cha polisi azijue. Ya kwanza ni kijitabu cha mwezi Juni 1975, wakati New York ilipokuwa inaelekea kufilisika na meya Abraham Beame akijiandaa kupunguza maelfu ya wafanyakazi. Vyama vya polisi na vya wazima moto viliungana vikachapisha kijitabu kwa ajili ya wageni. Juu ya jalada palichorwa fuvu la kichwa lililofunikwa kwa joho, na maneno yaliyomkaribisha msomaji katika Jiji la Hofu. Ndani yake mgeni alishauriwa asitembee baada ya saa kumi na mbili jioni, asipande treni za chini ya ardhi, asitoke nje ya Manhattan. Jiji lilikimbilia mahakamani kuzuia kisigawanywe. Siku chache baadaye askari wapatao 5,000 wakaachishwa kazi, na baadhi yao wakalifunga Daraja la Brooklyn kwa hasira. Karatasi ya pili ni ya Oktoba 2012 kule Detroit. Polisi walikuwa wamekatwa asilimia 10 ya mshahara na kupangiwa zamu za saa kumi na mbili. Basi chama chao kikasimama nje ya uwanja wa besiboli, mashabiki wakiingia kutazama mechi, kikawagawia vipeperushi vyenye onyo kwamba anayeingia Detroit anaingia kwa hatari yake mwenyewe.

Miaka thelathini na saba imepita kati ya karatasi hizo mbili, na kosa ni lile lile. Naelewa uchungu uliozizaa. Mtu anayefanya zamu ya saa kumi na mbili kwa mshahara uliopungua, huku gari lake la doria likikohoa, ana haki ya kupaza sauti. Lakini aliyepewa karatasi hiyo hakuwa meya. Alikuwa baba aliyemshika mwanawe mkono wakienda kutazama mpira, yaani mtu yule yule ambaye angeweza kusimama kwenye kikao cha madiwani na kumtetea askari. Ukimtisha mtu huyo, humwongezei huruma. Unampa sababu ya kuhama, na akihama anaondoka na kodi yake. Mkazi pia ana masikio: anaposikia mlinzi wake akimweleza jinsi atakavyoumia, anauliza kama hiyo ni tahadhari au ni kitisho.

Ndipo tunapofika kwa wale wasioumia askari anapokatwa mshahara. Wengi katika mijadala hii huwapita haraka, kana kwamba ni watu wa chuki tu. Mimi nadhani wao ndio wanaotupa kipimo sahihi cha hali ya jiji. Mji wa Ferguson, Missouri, ulichunguzwa na Wizara ya Sheria ya Marekani baada ya kijana mmoja kuuawa kwa risasi na polisi mwaka 2014. Taarifa iliyotolewa Machi 2015 ilionyesha jambo ambalo halikuhusu bunduki: kwa miaka kadhaa viongozi wa fedha wa mji walikuwa wakiwasukuma polisi waandike faini nyingi zaidi ili kuziba pengo la mapato. Mama anayesimamishwa kwa sababu ya taa ya gari iliyokufa, akatozwa faini, akashindwa kulipa, akatolewa hati ya kukamatwa, hajui kwamba aliyemtuma askari yule ni bajeti. Anachokiona ni sare. Kisha ukifika mwaka ambao hata hizo faini hazitoshi na askari naye akakatwa mshahara, tutamtaka mama yule amlilie? Jiji lilikuwa limemtumia askari kumkamua mkazi, na lilipomaliza likamkamua askari. Ndiyo maana nasema mapokezi ya umma siku ya makato hayatengenezwi siku hiyo. Ni hesabu ya miaka iliyolimbikizwa, na inalipwa kwa mara moja.

Nije kwenye hoja ya kundi la pili, ile ya watu wanaosema kila mtu ameumia na polisi nao waumie. Ina haki yake, na mara nyingi wanaoisema wameshika karatasi za malipo ya muda wa ziada, zenye askari wachache waliopata karibu mara mbili ya mshahara wao wa msingi. Ni kweli malipo hayo yanahitaji kuchunguzwa. Lakini muda wa ziada mara nyingi ni mtoto wa makato yenyewe. Ukipunguza mshahara, wenye uzoefu wanahamia mji jirani unaolipa vizuri zaidi, na vijana wanaofaa hawaombi kazi. Zamu lakini hazipungui, maana usiku una saa zile zile. Waliobaki wanazijaza kwa malipo ya ziada, wanachoka, wanaugua, na zamu zao nazo zinajazwa na wengine kwa malipo ya ziada. Fedha iliyookolewa mlangoni inatokea dirishani, na njiani imemchosha mtu aliyebeba silaha.

Camden, New Jersey, ilikwenda mbali zaidi. Januari 2011, kwa kukosa fedha, iliwaachisha kazi askari 168, karibu nusu ya kikosi kizima. Mwaka uliofuata watu 67 waliuawa katika mji usiofikia wakazi 80,000, idadi ambayo mji huo haukuwahi kuifikia kabla. Sitadai kwamba kila kifo kilisababishwa na barua zile za kuachishwa kazi. Uhalifu una mizizi mingi, na umaskini wa Camden ulikuwa wa miongo. Mwaka 2013 kikosi cha mji kikavunjwa, kikaundwa kipya chini ya kaunti, kwa mikataba nafuu na askari wengi zaidi mitaani. Wapo wanaosifu matokeo yake, na yapo ya kusifiwa. Lakini waliokaa katika mji ule kati ya 2011 na 2013 waliishi katika pengo hilo kwa miili yao, na sijui mtu awezaye kuwaambia kwamba ilikuwa ni akiba.

Nilisema askari na mkazi ni wadai wa upande mmoja, na mahali palipolionyesha hilo waziwazi kuliko pote ni mahakama ya ufilisi ya Detroit. Jiji lile liliomba ulinzi wa mahakama tarehe 18 Julai 2013, likiwa na madeni yanayokadiriwa kufikia dola bilioni 18. Taarifa ya msimamizi wa dharura, Kevyn Orr, ilisema kwamba polisi walichukua wastani wa dakika 58 kuitikia miito ya dharura, na kwamba taa za barabarani zipatazo asilimia 40 hazikuwa zinawaka. Fikirini dakika 58 hizo kwa mtu anayemsikia mwizi akitembea sebuleni. Mkazi huyo alikuwa amelipa kodi, na dakika zile zilikuwa deni analolidai jiji, ingawa hakuna aliyeliandika kwenye orodha ya wadai. Kwenye orodha waliandikwa askari wastaafu, ambao wengi wao hawamo katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa, kwa hiyo pensheni ya jiji ilikuwa ndiyo nguzo yao ya uzeeni.

Mwishowe jimbo, taasisi za hisani na jumba la sanaa la Detroit walikubaliana kuchangia jumla ya dola milioni 816 katika kipindi cha miaka ishirini ili kuzipunguzia pensheni pigo na kuziokoa picha za jumba hilo zisiuzwe. Wastaafu walipiga kura. Polisi na wazima moto walibaki na pensheni yao ya msingi lakini walipoteza zaidi ya nusu ya nyongeza ya kila mwaka ya kupanda kwa gharama za maisha. Wastaafu wengine walikatwa asilimia 4.5 na nyongeza yote ikaondolewa. Watu hawa walikubali, na kwa kura nyingi. Kilichowabadilisha watu walioandamana mwaka uliotangulia hakikuwa ukubwa wa makato tu. Hesabu zilikuwa zimewekwa mezani mbele ya jaji, mabenki na makampuni ya bima ya hati fungani yalikuwa nayo yamepunguziwa madai yao, tena kwa kiasi kikubwa kuliko wao, na kila aliyetakiwa kuumia aliulizwa kwa karatasi ya kura. New York nayo iliokoka Oktoba 1975 katika saa za mwisho, pale mfuko wa pensheni wa walimu ulipokubali kununua hati fungani za shirika lililoundwa kulikopea jiji, zenye thamani ya dola milioni 150. Wafanyakazi waliotishiwa makato ndio waliolikopesha jiji.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakazi, siku jiji lenu litakapotangaza kwamba polisi watakatwa mshahara, ni hili. Kabla ya kusema wanastahili au hawastahili, nendeni kwenye kikao cha bajeti mkaulize mambo manne, na msiondoke hadi yajibiwe kwa tarakimu. Jiji linadaiwa na nani, na ni diwani gani aliyepigia kura kila deni? Wenye hati fungani wanachangia nini katika maumivu haya? Akiba inayotarajiwa imetolewa ndani yake gharama ya muda wa ziada na ya kuwafundisha askari wapya watakaochukua nafasi za wanaoondoka? Na makato haya yanaisha lini, kwa tarehe iliyoandikwa?

Kwa askari waliopo hapa, na nawaona, nawasihi mje kwenye kikao hicho hicho mkae safu moja na wakazi, bila kipeperushi chenye fuvu. Mtamkuta pale mama wa taa ya gari iliyokufa. Msikilizeni kwanza, kwa sababu deni analolidai jiji ni la zamani kuliko lenu.

Kule Scranton polisi walirudishiwa baadaye mwaka ule ule fedha zilizokatwa. Mwaka 2016 mji ukauza mfumo wake wa maji taka ili kupunguza madeni, na ilipofika mwaka 2022 ndipo ukaondolewa katika uangalizi wa jimbo, miaka thelathini tangu uingizwe. Asanteni kwa kunisikiliza.